Vazi la Chembe Nano: Jinsi Utando wa Nje Unavyoathiri Mapokezi ya Dawa Miongoni mwa Seli za Kinga

Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huhimiza ukarimu, na hutumiwa pale ambapo ujio wa mtu umewaletea waliomo heri. Katika tiba ya kisasa methali hiyo hupata maana iliyo karibu mno na maneno yenyewe. Dawa huingia mwilini ikiwa mgeni, naye mwenyeji, ambaye ni mgonjwa, hutaraji kupona. Hata hivyo, mwili haumkaribishi kila abishaye hodi. Una walinzi wanaomkagua kila aingiaye, nao humhukumu kwa sura yake ya nje kabla ya kujua amebeba nini.

Makala haya yananuia kueleza ukaguzi huo kwa kurejelea aina moja ya mgeni, yaani chembe nano zinazotumiwa kubeba dawa. Chembe hizi huvishwa utando wa nje, na utando huo ndio unaoamua iwapo seli za kinga zitazimeza, zitazipuuza au zitazipiga vita. Hoja kuu inayojengwa hapa ni kwamba hakuna utando ulio mwema au mbaya kwa wenyewe. Utando ni ujumbe. Ujumbe huo hubadilishwa na damu, husomwa na seli, na wakati mwingine hukumbukwa na mwili kwa muda mrefu. Ubora wake hauwezi kupimwa pasi na kujua chembe inaelekea wapi na imebeba nini.

Suala hili halihusu maabara pekee. Kuna wagonjwa waliookolewa kwa sababu utando ulichaguliwa vyema, na kuna waliopoteza maisha kwa sababu mwili uliukataa. Aidha, dawa za aina hii zimekwisha kuingia katika hospitali na vituo vya afya vya Afrika Mashariki, ambako mgonjwa na muuguzi aghalabu huzungumza Kiswahili. Ni muhali kwa mgonjwa kutoa idhini ya kweli kuhusu jambo ambalo halijaelezwa katika lugha anayoielewa.

Chembe Nano na Utando Wake

Neno nano lina asili ya Kigiriki, nanos, yaani mbilikimo. Katika vipimo vya kisayansi, nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Kwa kawaida chembe nano huwa na kipenyo cha kati ya nanomita 1 na 100, ingawa baadhi ya zile zitumiwazo katika tiba huzidi kiwango hicho kidogo. Ili msomaji apate picha, unywele wa binadamu una unene wa takriban nanomita 80,000 hadi 100,000, na chembe nyekundu ya damu ina upana wa takriban nanomita 7,000. Chembe nano yenye nanomita 100 inakaribiana kwa ukubwa na virusi vya korona.

Ukubwa huu una athari mbili. Kwanza, chembe iliyo ndogo kuliko nanomita 6 hivi huchujwa na figo na kutoka pamoja na mkojo. Iliyo kubwa zaidi hubaki katika mzunguko wa damu, na huko ndiko hukutana na seli za kinga. Pili, kadiri kitu kinavyogawanywa kuwa vipande vidogo, ndivyo jumla ya nyuso zake inavyoongezeka. Mchemraba wenye upande wa sentimita 1 una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukikatwakatwa kuwa michemraba yenye upande wa nanomita 100, jumla ya nyuso hizo hufikia mita 60 za mraba, yaani eneo la sakafu ya darasa zima. Kwa hivyo, katika ulimwengu wa nano, uso wa kitu huwa na uzito mkubwa kuliko ulio nao katika vitu vya kawaida.

Chembe nano ya tiba huwa na sehemu mbili kuu. Ndani mna kiini, ambacho huweza kuwa dawa ya saratani, chembe ya oksidi ya chuma au ujumbe wa kijenetiki. Nje pana utando, ambao huweza kuwa wa mafuta, wa sukari changamano kama vile dekstrani, au wa kemikali iliyoundwa viwandani. Kiini ndicho kinachotibu. Utando ndio unaogusana na mwili. Seli ya kinga haikioni kiini kamwe inapokutana na chembe hiyo kwa mara ya kwanza.

Walaji wa Mwilini

Ujuzi kuhusu seli zinazomeza wageni ulianzia baharini. Mwaka wa 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, mwanasayansi Ilya Metchnikoff, mzaliwa wa himaya ya Urusi, aliwachoma viluwiluwi vya kiti cha pweza kwa miiba midogo. Viumbe hawa ni angavu, hivyo aliweza kuona kwa hadubini yaliyotukia ndani yao. Siku iliyofuata aliona seli zimeukusanyikia mwiba na kuuzingira. Kutokana na uchunguzi huo alitoa nadharia kwamba mwili hujilinda kwa kuwala wavamizi. Mwaka wa 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani, aliyeshikilia kwamba ulinzi huo hutegemea pia viini vilivyoyeyuka katika majimaji ya damu. Wote wawili walikuwa sahihi, na kisa cha chembe nano hakieleweki bila nusu zote mbili za ukweli huo.

Mashuhuri miongoni mwa seli hizo ni makrofaji, jina ambalo kwa Kigiriki lina maana ya mlaji mkubwa. Makrofaji huishi katika tishu nyingi, lakini wengi wao wamo katika ini, ambako huitwa seli za Kupffer, na katika wengu. Viungo hivi viwili ndivyo vituo vikuu vya ukaguzi wa damu. Mbali na makrofaji, kuna nutrofili, ambazo hufika haraka penye jeraha au maambukizi. Kuna pia seli za dendriti, ambazo humeza mgeni kisha huonyesha vipande vyake kwa seli nyingine ili mwili ujifunze kumtambua. Kuna vilevile seli B, ambazo hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomshika mgeni fulani mahususi na kuhifadhi kumbukumbu ya kuja kwake.

Chembe nano isiyo na utando ufaao, ikitiwa katika mshipa wa damu, aghalabu humezwa na makrofaji wa ini na wengu katika muda wa dakika chache. Dawa iliyokusudiwa kufika kwenye uvimbe huishia mahali ambapo haikuhitajika. Chaji ya umeme iliyo juu ya uso wa chembe nayo ina mchango. Kwa kuwa viwambo vya seli vina chaji hasi, chembe yenye chaji chanya kali huvutwa kwao, hung'ang'ania na huweza kuvidhuru na kuzusha uvimbe. Chembe zenye uso usioegemea upande wowote, na unaopenda maji, ndizo hupita kwa utulivu zaidi.

Kitoweo cha Seli

Makrofaji hamli mgeni akiwa mkavu. Jambo hili liligunduliwa jijini London mwaka wa 1903 na Almroth Wright pamoja na Stewart Douglas. Walionyesha kwamba seli nyeupe za damu humeza bakteria kwa wingi pale tu ambapo bakteria hao wamekwisha kupakwa viini fulani kutoka katika majimaji ya damu. Waliviita viini hivyo opsonini. Istilahi hiyo ilitokana na neno la Kigiriki opson, lililokuwa na maana ya chakula kinacholiwa pamoja na mkate ili uteremke. Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo zaidi, kwani lugha yake ina neno lenye dhana hiyohiyo: kitoweo. Opsonini ni kitoweo kinachomfanya mgeni alike.

Miongoni mwa opsonini muhimu ni kingamwili zenyewe na kundi la protini liitwalo komplementi. Protini za komplementi huzunguka katika damu zikiwa zimelala. Zikigusa uso zisioutambua, huamshana moja baada ya nyingine, hujibandika juu ya uso huo na kuwaita makrofaji. Makrofaji nao wana vipokezi juu ya viwambo vyao vinavyoshika protini hizo barabara. Kwa hivyo, swali si kama seli inaipenda chembe nano yenyewe. Swali ni kama damu imeipaka chembe hiyo kitoweo.

Taji Linalovishwa na Damu

Hapa pana jambo lililowashangaza wahandisi wa dawa kwa muda mrefu. Utando walioutengeneza kwa uangalifu maabarani haukuwa utando uliofika mbele ya seli. Punde tu chembe nano inapoingia katika damu, protini kadhaa huukimbilia uso wake na kuufunika. Mwaka wa 2007 watafiti wa Dublin na Lund, wakiwemo Kenneth Dawson na Sara Linse, waliliita tabaka hilo korona ya protini, yaani taji la protini. Tangu wakati huo imekubalika kwamba chembe nano ina utambulisho wa aina mbili: ule iliopewa na mtengenezaji, na ule iliopewa na damu. Seli husoma zaidi huo wa pili.

Taji hilo halitulii. Protini zilizo nyingi katika damu, kama vile albumini, hufika kwanza. Baadaye huondolewa na protini zilizo chache lakini zinazoshika kwa nguvu zaidi. Badiliko hilo huitwa athari ya Vroman, kwa heshima ya Leo Vroman, aliyelichunguza katika miaka ya 1960. Wanafunzi wa fasihi huenda wakavutiwa kujua kwamba Vroman, mzaliwa wa Uholanzi aliyehamia Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hakuwa mtaalamu wa damu tu. Alikuwa pia mmojawapo wa washairi mashuhuri wa Kiholanzi hadi alipofariki mwaka wa 2014.

Matokeo yake ni kwamba utando uleule huweza kuvaa taji tofauti katika damu ya watu tofauti. Damu ya mwenye kisukari, ya mjamzito na ya mtu mwenye maambukizi hazina protini zinazolingana. Ndiyo maana chembe iliyofanya kazi vizuri katika chupa ya maabara au katika panya huweza kushindwa ndani ya binadamu.

Vazi la Maji: PEG

Njia iliyopata umaarufu mkubwa ya kuzuia kitoweo kisishike ni kuifunika chembe kwa polietilini glaikoli, ambayo kwa ufupi huitwa PEG. Hii ni kemikali yenye minyororo mirefu na laini inayopenda maji. Minyororo hiyo ikipandwa juu ya uso wa chembe kama nyasi, hushika maji mengi na kujipepea daima, kiasi kwamba protini hukosa mahali pa kutua. Mwaka wa 1977 Abraham Abuchowski, Frank Davis na wenzao walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba protini iliyofungamanishwa na PEG haiuchochei sana mfumo wa kinga wa wanyama. Mnamo 1990 dawa ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa Marekani kwa watoto waliozaliwa na upungufu mkubwa wa kinga.

Wakati huohuo watafiti walianza kuivisha PEG liposomu, ambazo ni viputo vidogo vya mafuta vinavyofanana na kiwambo cha seli. Kazi ya Yechezkel Barenholz na Alberto Gabizon ilizaa Doxil, dawa ya saratani ya doksorubisini iliyofungwa ndani ya liposomu zenye PEG. Iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1995, nayo huhesabiwa kuwa dawa ya kwanza ya nano kupata idhini huko. Nusu ya liposomu hizo huweza kubaki katika damu kwa zaidi ya siku mbili, badala ya kuishia ini katika dakika chache. Kwa kuwa dawa imefungwa ndani, madhara yake kwa moyo hupungua.

Ugonjwa wa kwanza ambao Doxil iliidhinishiwa ni saratani ya Kaposi kwa wagonjwa wa UKIMWI. Jambo hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani eneo hili ni miongoni mwa yale yaliyoathiriwa vibaya mno na saratani hiyo tangu janga la UKIMWI lilipozuka. Hivyo, mjadala kuhusu utando wa PEG haukuanza na ugonjwa wa mbali.

Mwili Unapokumbuka

Kwa miaka mingi iliaminika kwamba PEG haionekani kabisa na mfumo wa kinga. Imani hiyo ilikuwa na dosari. Mapema mwaka wa 1983 watafiti wa Uswidi walikuwa wamepata kingamwili dhidi ya PEG katika sungura. Mwaka wa 2000 kundi la Uholanzi lilieleza kioja kingine: liposomu zenye PEG zilipodungwa kwa mara ya pili katika panya, siku chache baada ya dozi ya kwanza, ziliondolewa katika damu haraka mno. Watafiti wa Japani walifafanua kwamba dozi ya kwanza huwa imezichochea seli B za wengu kutengeneza kingamwili. Dozi ya pili inapofika, hukuta kitoweo kimekwisha kuandaliwa. Vazi lililokusudiwa kuficha likawa ndilo alama ya kutambulisha.

Isitoshe, baadhi ya wagonjwa hupatwa na shida wakati wa dozi ya kwanza yenyewe. Katika majaribio ya Doxil, takriban mgonjwa mmoja kati ya kumi alipata mojawapo ya dalili kama vile wekundu wa uso, kubanwa kifua, kukosa pumzi au kushuka kwa shinikizo la damu pindi dripu ilipoanza. János Szebeni wa Hungaria na wenzake walihusisha dalili hizo na kuamka kwa komplementi. Kwa sababu hiyo dawa huanza kutiwa polepole sana, ili komplementi isiamshwe kwa kishindo.

Matukio mawili yanadhihirisha uzito wa jambo hili. La kwanza linahusu pegnivakojini, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyofungamanishwa na PEG, ingawa yenyewe haikuwa chembe nano. Jaribio lake lilisimamishwa mwaka wa 2014 baada ya baadhi ya wagonjwa kupatwa na mshtuko mkali wa mzio. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba walioathirika vibaya walikuwa na kingamwili nyingi dhidi ya PEG hata kabla ya kupewa dawa hiyo. La pili linahusu Feraheme, chembe nano za oksidi ya chuma zenye utando wa sukari wa jamii ya dekstrani, zilizoidhinishwa Marekani mwaka wa 2009 kwa wagonjwa wa figo wenye upungufu wa damu. Kufikia mwaka wa 2015 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilikuwa imepokea taarifa za visa 79 vya mshtuko wa mzio, na watu 18 kati yao walifariki. Tahadhari ya kiwango cha juu iliongezwa, na ikaelekezwa kwamba dawa itolewe kwa dripu ya polepole na mgonjwa aangaliwe kwa nusu saa baadaye.

Swali hilihili lilijitokeza tena mwezi wa Desemba 2020, wakati chanjo za COVID-19 za Pfizer na Moderna zilipoanza kutolewa. Chanjo hizo, ambazo Kenya ilizipokea mwaka wa 2021, hubeba ujumbe wa kijenetiki ndani ya chembe nano za mafuta zenye kiasi kidogo cha PEG. Watu wachache walipatwa na mshtuko wa mzio, na PEG ikashukiwa mara moja. Ushahidi uliofuata ulituliza hofu. Mshtuko huo ulitokea kwa watu wachache tu katika kila dozi milioni moja, na wengi wa walioathirika walipopimwa hawakuwa na mzio wa PEG. Hata hivyo, ilibainika pia kwamba chanjo, hasa ile ya Moderna, huongeza kingamwili dhidi ya PEG kwa baadhi ya wapokeaji. Si haki kulikuza jambo hili hadi liwe kitisho, wala si busara kulificha.

Kuliwa Kunapotakiwa

Kufikia hapa huenda msomaji akadhani kwamba lengo la kila utando ni kuwakwepa makrofaji. Sivyo. Ugonjwa wa kala-azar unatoa mfano wa kinyume. Ugonjwa huu, ambao nchini Kenya hupatikana katika maeneo kame kama Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit na Wajir, huenezwa na usubi. Vimelea vyake, Leishmania, vina ujanja wa ajabu: huishi na kuzaana ndani ya makrofaji wenyewe, katika ini, wengu na uboho wa mifupa. Mlinzi amegeuzwa kuwa maficho ya mhalifu.

Dawa ya amfoterisini B huviua vimelea hivyo, lakini ikitolewa yenyewe huidhuru figo. Ikifungwa ndani ya liposomu, kama ilivyo katika dawa iitwayo AmBisome, sumu yake hupungua sana. Liposomu hizi hazivishwi PEG. Baada ya kuzunguka katika damu, humezwa na makrofaji wa ini na wengu, yaani palepale vimelea vilipojificha. Mlo ambao ungekuwa hasara katika saratani unakuwa ndiyo tiba katika kala-azar. Marekani iliidhinisha matumizi hayo mwaka wa 1997, na katika Afrika Mashariki dawa hii huwafaa hasa wagonjwa mahututi, wajawazito na wale walio na virusi vya UKIMWI pia.

Kuna pia utando uliobuniwa kulitumia taji la protini badala ya kulipiga vita. Onpattro, dawa ya ugonjwa adimu wa neva iliyoidhinishwa mwaka wa 2018, hutumia chembe za mafuta ambazo PEG yake hubanduka punde zinapoingia katika damu. Ikishabanduka, protini iitwayo apolipoprotini E hujishika juu ya chembe. Seli za ini zimezoea kuipokea protini hiyo pamoja na mafuta ya kawaida ya mwili, kwa hivyo huipokea na dawa iliyomo. Hapa damu yenyewe ndiyo iliyoandika anwani. Katika chanjo nako, kumezwa na seli za dendriti si ajali. Bila mlo huo mwili usingejifunza lolote.

Alama za Mwenyeji

Njia nyingine ni kuiga nyuso za seli za mwili wenyewe. Mwaka wa 2000 ilithibitishwa kwamba chembe nyekundu za damu hubeba protini iitwayo CD47, ambayo huwaambia makrofaji wasizile. Chembe nyekundu isiyo na protini hiyo huondolewa upesi. Mwaka wa 2013 kundi la Dennis Discher wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilitengeneza kipande kifupi kinachoiga sehemu ya CD47, na chembe zilizobandikwa kipande hicho zilidumu kwa muda mrefu zaidi katika damu ya panya. Kabla ya hapo, mwaka wa 2011, Liangfang Zhang na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walikuwa wamezifunika chembe nano kwa kiwambo halisi kilichotolewa kwenye chembe nyekundu za damu. Mbinu hizi zinatia matumaini, ila funzo la PEG linadai subira, kwa kuwa PEG nayo ilisifiwa kwa miaka mingi kabla ya mwili kuonekana kwamba unaikumbuka.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mapokezi ya chembe nano mwilini huamuliwa na mambo matatu: utando iliovishwa na mtengenezaji, taji iliyovishwa na damu, na kumbukumbu ambayo mfumo wa kinga wa mtu huyo umekwisha kuihifadhi. PEG ilifaulu katika saratani kwa sababu huchelewesha mlo wa makrofaji. Liposomu zisizo na PEG zilifaulu katika kala-azar kwa sababu huliwa. Dekstrani iliwafaa wagonjwa wengi wa figo na kuwaua wachache. Anayeuliza utando upi ni bora bila kutaja ugonjwa, seli inayolengwa na historia ya mgonjwa, hajakamilisha swali lake.

Kukamilisha swali hilo ni jukumu la lugha pia. Muuguzi anapomuuliza mgonjwa iwapo ana mzio wa PEG, jibu litakalotolewa kwa wingi ni la, kwa kuwa jina hilo halijawahi kusikika. Ilhali PEG imo katika baadhi ya haluli, yaani dawa za kulainisha choo, ambako kwenye lebo huandikwa makrogoli, na imo pia katika vipodozi vingi. Mgonjwa aliyewahi kuvimba midomo baada ya kunywa haluli hiyo ana habari ambayo huenda ikayaokoa maisha yake, lakini hataitoa asipoulizwa kwa maneno anayoyafahamu. Swali lifaalo ni kama amewahi kudhurika baada ya kunywa dawa ya kulainisha choo, kudungwa sindano au kutiwa dripu, na alidhurika vipi.

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana nafasi yao katika kazi hiyo. Fomu za idhini, maelezo ya dawa na mafunzo ya wahudumu wa afya huhitaji watu wanaoielewa dhana kabla ya kuitafutia istilahi. Neno kitoweo linaweza kumfafanulia mwanafunzi wa tiba dhana ya opsonini kwa urahisi kuliko Kigiriki chake. Mgeni akitambulishwa vyema, mwenyeji hupata fursa ya kupona.